Niliacha ARV siku 11, tumbo likatulia. Dada anasema nisirudi

Shikamoo Mama Mshauri,

Naomba usichapishe jina langu wala mahali ninapoishi. Nina miaka 39, nimeoa, na tuna mtoto mmoja wa kike wa miaka 4. Ninaishi na VVU tangu mwaka 2016. Mke wangu alilijua hilo kabla hatujaoana, na yeye hana maambukizi.

Niligundulika nikiwa nimechelewa mno. CD4, zile chembe za kinga, zilikuwa 87. Nilikuwa nimeharisha miezi mitatu mfululizo, nimebaki mifupa, na wengi waliokuja kuniona walikuja kuniaga. Aliyebaki ni dada yangu mkubwa. Alinifulia mashuka, alinibeba kunipeleka chooni, na kila usiku saa 3 alinitilia vidonge kiganjani akanitazama mpaka nimeze. Nikisema nipo hai kwa sababu yake, sipambi maneno.

Dawa zilinikubali. Kipimo cha wingi wa virusi kwa miaka mingi kinasema virusi havionekani. Cha mwisho kilikuwa miezi tisa iliyopita, na CD4 zilikuwa 410. Daktari alitukalisha mimi na mke wangu akatueleza kwamba mtu ambaye virusi havionekani kwenye damu yake hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Tukaacha kondomu. Mtoto wetu tulimpata hivyo, na sasa tunatafuta wa pili.

Shida ilianza miezi saba iliyopita. Tumbo linaunguruma, linajaa gesi, naenda chooni mara nne hadi tano kwa siku na choo ni chepesi. Damu haipo. Nimepungua kilo 4. Kliniki nilimweleza muuguzi mara moja, nikaandikiwa dawa ya minyoo, haikusaidia. Sikusema tena. Mwaka 2017 nilipitisha siku ya miadi, na muuguzi mmoja alinifokea mbele ya benchi zima la wagonjwa. Tangu siku hiyo naingia, nachukua dawa, natoka.

Nikaanza kusoma mwenyewe usiku kwenye simu. Nilisoma kwamba VVU hushambulia utumbo kabla ya sehemu nyingine, kwamba kinga nyingi ya mwili iko tumboni na hufyekwa katika wiki za mwanzo, na kwamba hata mtu akimeza dawa miaka mingi utumbo hauponi kabisa na virusi hubaki vimejificha humohumo. Nikajiuliza: kumbe miaka yote hii nilikuwa natibu damu tu huku tumbo linaoza?

Nilimweleza dada. Akaenda kwa mtu anayeuza dawa za mitishamba. Yule mtu akamwambia ARV ndizo zilizouchoma utumbo wangu, niziache siku 60 tumbo lipumzike huku nikinywa unga wake asubuhi na jioni, kisha nizirudie. Dada ameshaulipia unga wote wa miezi miwili.

Mama, unga sikuunywa. Lakini wiki sita zilizopita niliacha ARV kimyakimya, nikitaka kujaribu tu. Nilikaa siku 11. Kufika siku ya tano tumbo lilikuwa limetulia, chooni naenda mara moja, usiku nalala mpaka kunakucha. Siku ya 12 niliamka na hofu imenikaba koo, nikazirudia. Haikupita wiki, tumbo likaanza upya.

Dada akaniambia, "Si umeona mwenyewe, mdogo wangu? Unataka ushahidi gani tena?" Nilikosa la kumjibu.

Kuna jambo ambalo hata dada halijui. Ndani ya zile siku 11 mimi na mke wangu tulikutana mara moja, siku ya tisa. Sikumwambia kwamba simezi dawa. Tangu hapo namkwepa usiku, nasingizia uchovu, na yeye anadhani nimepata mwanamke mwingine. Jana ameniuliza waziwazi. Nilikana, na ni kweli sina mwingine, lakini ukweli wenyewe sikuusema.

Dawa ninazomeza ni kidonge kimoja cha ARV cha usiku, kile chenye dawa tatu ndani yake ikiwemo DTG, pamoja na metformini ya sukari niliyoanzishiwa zahanati nyingine mwishoni mwa mwaka jana tulipopimwa afya kazini. Huko sikuwaambia kuhusu hali yangu. Ugonjwa mwingine sina.

Nikimkatalia dada nitakuwa nimemtupa mtu aliyenifufua. Nikimfuata naogopa. Nikimwambia mke wangu huenda nikapoteza ndoa. Nifanyeje?

Niliyekwama

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi. Karibu na mwisho kuna mstari umeuandika kama jambo la kupita tu, nami nadhani unabeba uzito kuliko yote uliyosoma usiku kwenye simu. Nitaufikia.

Niseme kwanza nilivyokuelewa. Tumbo linakusumbua mwezi wa saba sasa. Umesoma mambo yaliyokufanya uamini kwamba limeshaharibika lisitengenezeke. Umeacha dawa siku 11 ukapata nafuu, na nafuu hiyo imekuwa hoja ya dada unayemdai uhai wako. Nyumbani kuna mke anayekushuku kwa kosa ambalo hukulifanya, na lile ulilolifanya halijui. Unaona kila upande utakaogeukia utampoteza mtu. Mimi sina hakika kwamba ni hivyo, ndiyo maana nitakujibu kwa urefu.

Uliyoyasoma si uongo. Kinga nyingi ya mwili kweli iko tumboni, kwa kuwa hapo ndipo mwili hukutana kila siku na vitu kutoka nje. Ukuta unaotenganisha damu yako na bakteria wasiohesabika wa utumbo ni safu moja tu ya chembe. Nyuma ya safu hiyo wamejaa walinzi, na wengi wao ni chembe za CD4 zenye kishikizo kiitwacho CCR5, kilekile ambacho VVU hukitumia kuingilia. Kwa hiyo, awe mtu ameambukizwa kwa ngono, kwa sindano au kwa njia nyingine, virusi hukimbilia tumboni mapema. Mwaka 2004 watafiti waliochunguza vipande vidogo vya utumbo wa watu walioambukizwa karibuni walikuta chembe hizo zimefyekwa vibaya kuliko kipimo cha damu kilivyoonyesha. Damu hubeba takriban asilimia 2 tu ya limfosaiti, yaani chembe za kinga, zote za mwili, basi kuitazama damu peke yake ni kama kuchungulia nyumba kwa tundu la ufunguo.

Miongoni mwa chembe zinazoangamia mapema ni zile ziitwazo Th17, ambazo kazi yake ni kuufanya ukuta wa utumbo ujikarabati na uwafukuze bakteria wanaousogelea. Zikipungua, ukuta huvuja. Vipande vya bakteria hupenya kuingia kwenye damu. Hilo lilithibitishwa mwaka 2006. Kinga ikiviona hudhani mwili umevamiwa, ikakesha usiku na mchana, na chembe za CD4 zilizoamshwa kwa kukesha huko ndizo ambazo virusi huziingia kwa urahisi zaidi. Duara hilo ndilo linalomchosha mtu mwaka hadi mwaka. Kuna nyani wa Afrika Magharibi waitwao mangabey ambao hubeba virusi vya jamaa moja na VVU, tena kwa wingi mkubwa, lakini kwa kawaida hawaugui. Wao ukuta wa utumbo haubomoki na kinga yao haibaki imekesha. Huwa nawafikiria sana nyani hao, kwa sababu wanaonyesha jinsi mambo mengi katika ugonjwa huu yanavyoamuliwa tumboni.

Sasa nikuulize kwa upole. Katika yote hayo, anayebomoa ukuta ni nani? Muuza unga amesema ni ARV. Uliyoyasoma wewe mwenyewe yanasema ni virusi. Maelezo haya mawili umeyaweka pamoja kichwani kana kwamba yanasaidiana, nami naona yanapingana kabisa. Kama virusi ndivyo vinavyobomoa, basi siku 60 bila dawa zitakuwa siku za mapumziko kwa virusi, na tumbo ndilo litakaloumizwa kwanza.

Hilo neno "hauponi kabisa" nalo naomba usilibebe peke yake. Chembe za juu za utumbo hujibadilisha kila baada ya siku chache, maisha yote, na virusi vikizuiwa kuzaliana ukuta hupata nafasi ya kujijenga. CD4 za tumboni hurudi polepole kuliko za damu, na mtu aliyeanza dawa akiwa na 87 huenda asizipate zote. Wanaoanza mapema hurudisha zaidi. Hilo sitakuficha. Vile virusi vilivyojificha vimelala ndani ya chembe, na dawa haziviondoi kwa sababu zenyewe hukata hatua za kuzaliana, na kilicholala hakizaliani. Lakini kilicholala pia hakibomoi kama kilichoamka. Kwa hiyo hapana, hukuwa ukitibu damu tu. Yule aliyekuwa akibebwa kwenda chooni mwaka 2016 aliinuka, akaoa, akazaa. Sehemu kubwa ya kuinuka huko ilikuwa kazi ya utumbo ulioanza tena kunyonya chakula.

Sasa ule mstari wako: metformini.

Kuharisha, gesi na tumbo kuunguruma ni miongoni mwa malalamiko ya kawaida kabisa ya wanaomeza metformini, hata wasio na VVU. Ukihesabu miezi saba kurudi nyuma, unafika mbali na mwisho wa mwaka jana, au unafika palepale? Jambo la pili, ambalo zahanati ile isingeweza kulijua kwa kuwa hukuwaambia: dolutegraviri, ndiyo hiyo DTG iliyomo kwenye kidonge chako cha usiku, huzuia mlango mmojawapo ambao figo hutumia kutoa metformini mwilini. Metformini hubaki nyingi zaidi kwenye damu, na ongezeko lake huweza kupita nusu ya kiwango cha kawaida. Ndiyo sababu maelekezo ya dawa hizi humtaka daktari aangalie upya dozi ya metformini kwa mtu anayetumia DTG, na mara nyingi isizidi miligramu 1,000 kwa siku.

Rudi kwenye siku zako 11 ukiwa na hilo mkononi. Uliacha ARV. DTG ikaisha mwilini ndani ya siku chache. Kama uliendelea na metformini, figo zilipata njia ya kuitoa, kiwango kikashuka, na siku ya tano tumbo likatulia. Uliporudia, kikapanda. Na kama uliacha vidonge vyote kwa pamoja, jambo ambalo hukulisema, basi nafuu yako inaeleweka kwa urahisi zaidi. Mimi si daktari wako, na sisemi kwamba hili ndilo jibu. Nasema kwamba dada yako ana haki ya kuamini mlichokiona, kwa sababu mlikiona kweli. Kilichobaki wazi ni maana yake. Inawezekana tumbo lako lilikuwa likilalamikia dawa mbili zilizokutana bila waliozitoa kujuana, na hilo hurekebishwa kwa kupunguza dozi, kubadilisha metformini iwe ile inayoyeyuka polepole, au kutafuta dawa nyingine ya sukari. Tafadhali usiiache metformini kwa uamuzi wako pia. Sukari iliyoachwa bila uangalizi ina hasara zake.

Na huenda si metformini. DTG yenyewe huwasumbua tumbo baadhi ya watu. Kuna vimelea, kama giadia na kriptosporidia, ambavyo dawa ya kawaida ya minyoo huenda isiviguse. Kuna watu ambao baada ya utumbo kuumia hushindwa kumeng'enya sukari ya maziwa. Mwezi wa saba wa kuharisha na kilo 4 zilizopotea vinahitaji choo kipimwe, wingi wa virusi upimwe sasa bila kungoja mwaka uishe, na CD4 zitazamwe. Ukiona damu, homa, jasho la usiku, au ukaishiwa maji mpaka kizunguzungu, usingoje siku ya miadi.

Kuhusu zile siku 60. Wazo la kuupumzisha mwili kwa kuacha dawa halikuzuliwa na muuza unga. Madaktari walilijaribu, kwa nia njema, wakitumaini kuwapunguzia watu madhara ya vidonge. Utafiti ulioitwa SMART ulikusanya watu zaidi ya 5,400 katika nchi 33. Nusu waliendelea na dawa, nusu waliziacha CD4 zikiwa juu na kuzirudia zikishuka. Ulisimamishwa mwaka 2006, kwa sababu walioacha waliugua magonjwa nyemelezi au kufariki zaidi ya mara mbili ya wenzao. Tena hao walikuwa chini ya uangalizi wa karibu, damu yao ikipimwa mara kwa mara. Wewe ungekuwa peke yako na mfuko wa unga.

Kuna hatari nyingine usizoambiwa. Watu wengi huona virusi vimerudi kwenye damu kati ya wiki 2 na 4 baada ya kuacha. Kuacha na kurudia huweza kuvipa virusi nafasi ya kujenga usugu. DTG ni ngumu kuishinda, lakini mwenzake ndani ya kidonge, lamivudini, hushindwa kwa wepesi. Kama una homa ya ini aina ya B bila kujua, kuacha ghafla dawa zilizo ndani ya kidonge chako kunaweza kuiwasha kwa nguvu, basi ulizia kama uliwahi kupimwa. Ule unga nao hatujui una nini. Ukiwa na madini kama chuma, kalsiamu au magnesiamu, yanaweza kuinasa DTG tumboni isinyonywe. Ukiwa na mkaa, mkaa nao hunasa dawa. Ipo mimea inayoliharakisha ini kuvunja ARV. Mmoja wenye maua ya njano, unaotumiwa sana Ulaya na watu wenye huzuni, unatarajiwa kuipunguza DTG. Simshtaki mtu ambaye simjui. Lakini mtu anayekutaka uache kinachojulikana ili unywe kisichojulikana, anadai imani kubwa mno.

Nije kwa dada. Umeandika kwamba ukimkatalia utakuwa umemtupa. Je, hayo ni maneno yake au ni yako? Nimetafuta kwenye barua mahali aliposema hivyo sijapapata. Ninachokiona ni mwanamke ambaye mwaka 2016 alimwona mdogo wake akiharisha mpaka karibu kufa, na sasa anamwona anaharisha tena, anakonda tena. Nadhani ameshikwa na woga uleule wa siku zile, na huo unga ndicho kitu pekee alichokipata cha kufanya. Huyu ndiye aliyekutilia vidonge kiganjani kila saa 3 usiku. Hakuna anayejua kuliko yeye vidonge hivyo vilifanya nini.

Unaweza kumkatalia unga usimkatalie yeye. Unaweza kumwambia hivi, kwa maneno yako: "Dada, ulichokiona nami nimekiona, tumbo lilitulia kweli. Nimepata mtu aliyenieleza sababu nyingine inayowezekana, na nataka twende wote tukaulize." Mpe kazi. Akuandikie kila siku umeenda chooni mara ngapi, umemeza nini na saa ngapi. Karatasi kama hiyo daktari huifurahia. Huenda akaumia, hasa kwa fedha aliyokwisha kuilipa. Huenda akanuna wiki nzima. Hilo lipo, na wewe ndiye unayejua nyumba yenu hubeba manuno ya namna gani. Njia nyingine ni kunyamaza, ukaupokea unga ukauweka kabatini. Wengi hufanya hivyo. Lakini tumbo likitulia baadaye kwa sababu nyingine, ataamini ni unga, na mwaka ujao ataununua tena.

Kwa mke wako ndipo roho inaniuma zaidi, na naomba uvumilie nikisema kwa uwazi.

Yale mliyoelezwa na daktari ni kweli tupu. Utafiti wa PARTNER uliotolewa mwaka 2016 ulifuatilia jozi 888 za wapenzi ambazo mmoja wao alikuwa na VVU visivyoonekana. Walikutana takriban mara 58,000 bila kondomu, na hakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake huyo. Lakini uhakika huo umesimama juu ya vidonge kumezwa. Siku ya tisa bila dawa, huenda virusi vyako vilikuwa bado chini sana. Wengi wangekuwa hivyo. Ila hakuna aliyekupima siku hiyo, kwa hiyo siwezi kukwambia hakuna hatari, naweza kukwambia tu kwamba inaelekea ni ndogo. Dawa za kinga baada ya tukio hutakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na muda huo umepita. Kilichobaki ni yeye kupimwa sasa na kupimwa tena miezi 3 baada ya siku ile, na ninyi kutumia kondomu mpaka kipimo chako kipya kitoke. Yapo pia mazungumzo ya dawa za kinga kwa ajili yake, kama daktari ataona zinafaa. Na suala la mtoto wa pili lingoje kipimo hicho. Ukiwa umefubaza virusi tena, njia ileile iliyompata binti yenu iko wazi.

Yote hayo yanamhitaji ajue. Unaweza kujaribu kuyafanya bila kumwambia: ukaanza kondomu kwa kisingizio, ukangoja majibu yako, yakiwa mazuri ukayazika. Naelewa kwa nini inavutia. Ila nifuatilie hesabu yake. Yeye hatapimwa, na mwili ni wake. Kondomu zitakazoingia nyumbani ghafla zitathibitisha kile anachokishuku. Na jana amekuuliza swali ambalo linamwumiza bure. Mwanamke huyu alikubali kuolewa na wewe akijua hali yako, tena katika miaka ambayo wengi wangekimbia. Unasema ukimwambia utapoteza ndoa. Inawezekana, atakasirika, na ana haki ya kukasirika, kwa sababu ulimchukulia uamuzi uliokuwa wake. Lakini umewahi kujiuliza ni ndoa gani inayobaki ukiendelea kunyamaza, yeye akilala kila usiku akimtafuta kichwani mwanamke ambaye hayupo?

Ukiamua kusema, usimsomee masomo ya virusi kwanza. Anza na lile alilouliza. "Hakuna mwanamke. Kuna jambo jingine nililolifanya kwa woga, na linakuhusu." Kisha siku 11, kisha ile siku ya tisa, kisha mahali mnapoweza kwenda kupima. Kama unaogopa kwamba mazungumzo yatakushinda, wako washauri wa kliniki waliozoea kukaa na wanandoa katika jambo kama hili, na unaweza kuomba kusemea mbele yao. Ubaya wake ni kwamba atahisi umemleta kwenye mtego mbele ya mgeni. Wewe ndiye unayemjua.

Limebaki la kliniki, nami sitaki kulipita haraka, kwa kuwa yote haya yameanzia pale. Ulifokewa mbele ya watu mwaka 2017, na tangu siku hiyo umekuwa ukiugua kimya. Hukustahili kufokewa. Bado nauliza: yule muuguzi yupo bado? Na kama yupo, ni yeye pekee? Unaweza kuomba kumwona daktari au mtoa dawa faraghani, au kuulizia uhamisho kwenda kliniki nyingine. Na kama ulimi unaganda, andika, umpe karatasi atakayekuhudumia. Iwe fupi tu:

"Naharisha mwezi wa saba, nimepungua kilo 4. Natumia DTG na metformini, na aliyenipa metformini hajui kuhusu DTG. Nilikosa ARV siku 11, wiki sita zilizopita, na sasa nimerudia. Naomba wingi wa virusi upimwe. Mke wangu hana maambukizi."

Andika hapo pia miligramu za metformini, ziko kwenye boksi. Kama hukupata boksi, peleka vidonge vyenyewe.

Nataka kusikia walichokujibu, mwanangu, na dada alisemaje, na kama yule mama wa binti yako amelala usingizi. Niandikie hata kama majibu si mazuri.

Mama Mshauri